Kifaranga dhaifu: anza na joto

Kifaranga wa nyama akizubaa, mbawa zimeshuka, mimi humshika miguu kwanza. Ikiwa baridi, chakula kisubiri. Namtenga kwenye boksi lenye maranda makavu, chini ya taa, nyuzi 32 hadi 35 usawa wa mgongo wake, na upande mmoja naacha pa kukwepea joto.

Akichangamka, nachovya ncha ya mdomo kwenye maji ya uvuguvugu yenye glukosi kidogo. Ncha tu! Usimmiminie kooni, niliwahi kumpoteza mmoja hivyo, maji yakaingia mapafuni, bado naumia.

Kinyesi kikiganda nyuma, lainisha kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, usibandue kwa nguvu, kisha mkaushe. Wakizidi kuugua wengi, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.