Una ofa mbili tatu za uuguzi wa thieta (chumba cha upasuaji) Mwanza? Angalia haya kabla hujasaini

Mdogo wangu kamaliza chuo, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga kaipata, juzi kanitumia picha za barua tatu kwenye simu na swali moja tu, "dada niende wapi?" Nikamwambia ngoja nikuandikie vizuri, manake hili swali naulizwa kila mwaka vijana wakimaliza na huwa nalijibu mbiombio nikiwa nakimbilia zamu. Barua ya kwanza ni ya hospitali kubwa ya rufaa, mkataba wa mwaka mmoja na hela ya kawaida. Ya pili ni ya binafsi hapa hapa mjini, jengo la vioo, mshahara unazishinda zote. Ya tatu ni hospitali teule (ya dini, ila serikali imeiteua itumike kama ya wilaya) ng'ambo ya ziwa upande wa Sengerema, mshahara mdogo lakini nyumba bure. Nilimuona kabisa moyo umeshaenda kwenye vioo, na simlaumu, mtu katoka kuishi kwa bumu la chuo leo anaonyeshwa laki saba, lazima aone kafika.

Basi tuanze na hiyo laki saba. Ya kwenye barua sio itakayoingia benki. Tuseme ni mshahara wa msingi mtupu bila posho: asilimia 10 yako ya NSSF, mfuko wa pensheni, ni 70,000, PAYE, yani kodi ya mshahara, inakuja 42,000, na kama ulisoma kwa mkopo bodi wanakata asilimia 15 yani 105,000, unabaki na 483,000. Hapo mwenye nyumba wa Nyegezi anataka kodi ya miezi sita mkononi, na godoro hujanunua. Ukishapiga hesabu hivo ndo unaona "nyumba bure" ya ng'ambo sio maneno ya kukupoza. Kingine, sisitiza mshahara wa msingi na posho viandikwe mbali mbali, kuna waajiri wanaweka msingi mdogo alafu wanarundika posho juu ili barua ipendeze, sasa malipo ya saa za ziada na ya usiku yanapigwa kwenye msingi, posho haziingii.

Lakini hela sio nilichotaka kumwambia. Nilichotaka aulize ni hiki: usiku ntakuwa na nani?

Mi nilianzia hospitali ya binafsi, jina tuliache. Wiki ya tatu tu naitwa saa nane usiku, CS ya haraka, yani mama anapasuliwa kutoa mtoto, nafika nakuta daktari, mtu wa usingizi, na mimi. Basi. Naskrabu mimi, yani nanawa navaa glavu safi nasimama mezani kumpa daktari vifaa, nyuzi zikiisha wa kuzifata ni mimi yani natoka kwenye meza nachafuka navaa upya glavu, mtoto akitoka wa kumpokea ni mimi, ikabidi tumwite dada wa usafi asimame pale atufungulie kabati. Kufika kuhesabu gozi, vile vitambaa vya kufyonzea damu visije vikabaki tumboni, kabla ya kufunga napata tisa, na nilifungua kumi. Daktari kachoka ananiambia utakuwa umekosea kuhesabu mwanzoni, na nani wa kubisha, kuhesabu ni kazi ya watu wawili na mimi nilihesabu peke yangu. Nikamwomba asifunge kwanza. Tukaipata imejikunja kwenye mashuka chini ya paja la mama, zilipita kama dakika kumi ila mimi niliona ni mpaka asubuhi. Watu nikiwahadithia wananisifia eti nilikuwa jasiri, ujasiri gani, mtoto wa wiki ya tatu hakutakiwa awe peke yake pale, na kwenye intavyu nilichouliza mimi ni mshahara na sare.

Kwahiyo ukienda intavyu uliza bila aibu, na uliza kwa namba. Usiku mko wangapi thieta? Ntafundishwa na nani, na kwa wiki ngapi kabla hamjaniweka kwenye orodha ya kuitwa? Wakikujibu "tutaona utakavyokuwa" hawana mpango huo. Anayejua kazi atakwambia labda miezi miwili mitatu unaskrabu na mkubwa, yani muuguzi mzoefu, unaanza na hernia (ngiri) na CS za kupangwa, za dharura baadae. Uliza pia mkubwa mwenyewe yupo au alishaacha kazi, maana kuna sehemu mkubwa wa thieta ni binti aliyemaliza mwaka jana.

Alafu omba wakuonyeshe thieta. Wakikataa kabisa hata mlangoni hapo jiulize, ila wengi wanakubali siku isiyo na kesi. Ukiwa ndani taa na vigae achana navyo, tafuta ubao wa kuhesabia gozi na vifaa, una maandishi ya jana au ni mweupe tangu ununuliwe? Tafuta ile fomu ya usalama wa upasuaji ya WHO, ilitoka 2008, ina sehemu tatu, kabla ya usingizi, kabla ya kuchana na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Ukikuta zote tatu zimetikiwa kwa kalamu moja mwandiko mmoja hadi ya mgonjwa ambaye bado yuko wodini anasubiri, ushajua unaingia wapi. Uliza otoklevu, mashine za kuua vijidudu kwenye vifaa, ziko ngapi na iliyopo ikiharibika vifaa vinachemshiwa wapi, uliza genereta inawaka yenyewe au anaitwa mlinzi na tochi. Na maji! Hapa Mwanza ziwa unaliona dirishani limejaa tele na bomba la kunawia mikono limekauka, nimeskrabu kwa maji ya jagi mimi, mwenzangu ananimiminia.

Kuhusu kesi, hospitali kubwa kama Bugando utaona vitu vingi, mifupa, vichwa, watoto, fistula, na kwa kuwa chuo kiko pale pale unasoma hata kwa kusikiliza daktari akiwaeleza wanafunzi. Ubaya wake foleni ya kujifunza ni ndefu, kuna wanafunzi kuna intern (waliomaliza chuo wako mafunzoni), unaweza ukamaliza miezi unaleta vitu tu hujagusa meza. Ng'ambo ni kinyume chake, CS, hernia, tumbo, CS tena, lakini mikono inakaa sawa upesi kwa sababu hakuna mwingine. Huko uliza mgonjwa akizidiwa usiku anapelekwaje mjini. Upande wa Sengerema tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 habari ya kusubiri kivuko imeisha, ila kama ofa yako ni ya Ukerewe bado unaongelea maji na hali ya hewa. Na hospitali teule uliza anayelipa mshahara ni nani, serikali au hospitali yenyewe, maana wawili mnaweza kushika mkasi ule ule na hela zikaingia tarehe tofauti, mwingine hata hazijaingia.

Sindano nazo watu hawaulizi. Thieta utachomwa, sio leo basi siku nyingine. Uliza kama mwajiri analipia chanjo ya homa ya ini B, ni dozi tatu, na ukichomwa usiku wa manane PEP, dawa za kuzuia usipate VVU, inapatikana pale pale au unaambiwa urudi Jumatatu, wakati ile dawa inatakiwa ianze haraka na mwisho ni saa 72.

Saa za kazi sheria ya ajira ya 2004 imezisema: 45 za kawaida kwa wiki, za ziada zinalipwa mara moja na nusu, na kazi ya saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya msingi kwa kila saa. Likizo siku 28. Hizo wengi wanazijua, kinachowapiga chenga ni zamu ya kuitwa, kwahiyo uliza ukiitwa saa tisa usiku ukatoka saa moja asubuhi, saa moja na nusu unatakiwa uwe kazini tena? Gari linakufata au unatafuta boda mwenyewe kutoka Buhongwa usiku huo, na kwa usalama gani, hasa kwa mabinti.

Mkataba usome nyumbani, usisaini ukiwa umesimama kaunta. Angalia notisi ni siku ngapi, angalia kama kuna kifungu cha kulipa "gharama za mafunzo" ukiondoka kabla ya muda, na vyeti halisi usimwachie mtu, aonyeshwe, alinganishe, abaki na kopi. Hili la notisi lina sababu yake. Wengi mmejaza maombi Ajira Portal, tovuti ya kazi za serikali, na siku jina likitoka unapewa siku chache za kuripoti, na unaweza kukuta umepangiwa mkoa ambao hujawahi hata kupita, ukiwa na mkataba wa kukufunga miaka miwili hapo ndo mtu analia. Wala usikatae kazi leo kwa kusubiri serikali, mikono ya thieta ikikaa mwaka mzima bila kushika kifaa inasahau.

Basi dogo kazunguka zote wiki hii. Rufaa wamemwambia wiki sita na mkubwa, usiku wako watatu, ila mkataba kuongezwa hawaahidi. Kule kwenye vioo kauliza usiku atakuwa na nani, HR akacheka akamwambia "utazoea tu mama". Ng'ambo matron mwenyewe, mkuu wa wauguzi, kamshika mkono kampeleka thieta kamuonyesha ubao, umeandikwa mpaka ya alfajiri ile. Leo asubuhi kanipigia, vioo hata havitaji, anauliza tu hiyo nyumba ya bure kama ina maji.