Bomba la kunyunyizia 2,4-D (dawa ya magugu) lisiingie kwenye tumbaku

Kila msimu wa mvua huku Urambo na Kaliua, mkoani Tabora, naitwa kuangalia tumbaku "inayoumwa". Nikifika nakuta majani machanga yamekuwa membamba kama kamba, kingo zimekunjamana, shina limejipinda. Mwenye shamba anataka dawa ya ugonjwa. Mimi namuuliza: bomba hili juzi lilipiga nini? Jibu ni lilelile: mahindi, kwa dawa ya kuua magugu ya majani mapana.

Ndugu zangu, huo si ugonjwa, ni dawa hiyo, 2,4-D. Mahindi huyavumilia kwa kuwa ni jamii ya nyasi. Tumbaku ina majani mapana kama magugu unayoyaua, tena hudhurika upesi mno. Masalia yaliyonasa kwenye mpira, chujio na nozeli yanatosha. Jani likishaharibika hivyo halirudi, na mkopo wa pembejeo uko palepale.

Kusuuza mara moja kwa ndoo ya maji si kuosha! Nimelisema hili kila mkutano, na bado naliona. Nunueni bomba la pili, hata kwa kuchangiana watu watatu, mlipake rangi nyekundu, liwe la 2,4-D tu. Ukikosa kabisa, osha siku ileile kabla dawa haijakauka. Kwenye bomba la lita 16 weka lita 4 za maji safi, tikisa, pampu yatoke yote kupitia nozeli. Fanya hivyo mara 3. Kisha lijaze maji ya sabuni ya unga, pampu kidogo mpaka mpira ujae, lilale hivyo usiku kucha. Asubuhi fungua nozeli na chujio, sugua kwa mswaki, suuza tena. Maji hayo mwaga kwenye mahindi yaleyale, si karibu na kisima wala lambo. Halafu tia maji matupu, nyunyizia miche michache ya nyanya, subiri siku 3. Ikijipinda, bomba hilo usiliguse kwenye tumbaku.

Mahindi yenyewe yapige yakiwa chini ya sentimita 20, asubuhi upepo umetulia. Upande unaopakana na tumbaku, maharage au pamba, nashauri uache mita 20 bila dawa. Hapo palilia kwa jembe, wiki ya 2 au ya 3 baada ya mahindi kuota. Ukoka na ndago 2,4-D haiui, hata ukizidisha kipimo, kwa hiyo usizidishe. Magugu mapana yakijipinda na kunyauka, dawa imefanya kazi.

Na jirani akija kuazima bomba jekundu, mwambie limepiga nini kabla hajalibeba.