Kabla hujaafikiana bei na fundi rangi: mambo ya kuzingatia ukitaka kupaka nyumba ndani

Ukiwaita mafundi watatu waikague nyumba moja, usishangae bei ya mmoja ikawa mara mbili ya mwenzake. Wengi wetu hapo hukata shauri haraka: wa bei ya juu ni mlafi, wa bei ya chini ndiye mtu wa watu. Mara nyingi tatizo liko kwingine kabisa, kwamba watatu hao hawakutoa bei ya kazi moja. Wa kwanza amehesabu kukwangua rangi ya zamani, kuziba nyufa, kupiga msasa, praima (rangi ya kwanza ya kushikisha zile zinazofuata), kisha mikono miwili ya rangi, yaani kupaka mara mbili. Wa pili amehesabu hiyo mikono miwili tu. Wa tatu amehesabu kufika kesho asubuhi na ndoo na rola, mengine mtajua mbele ya safari. Kwa hiyo kabla ya kuvutana kuhusu bei, jua kwanza ni kazi gani unayoinunua, na hilo unaweza kulichunguza mwenyewe kwa jioni moja.

Anza na vipimo. Kinachopakwa ni ukuta, kwa hiyo ukubwa wa sakafu usikudanganye. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3.5. Sakafu yake ni mita za mraba 14. Sasa jumlisha pande zote nne za kuta upate mita 15, zidisha kwa kimo, tuseme mita 2.7, utapata 40.5. Toa mlango na dirisha, kama mita za mraba 3.5 kwa pamoja, unabaki na 37. Dari, ikiwa nayo inapakwa, ina 14 zake. Fundi akikutajia bei kwa mita ya mraba, muulize papo hapo: ya ukuta au ya sakafu? Na je, ni kwa mkono mmoja au mpaka kazi iishe? Ugomvi mwingi wa siku ya malipo huzaliwa na maswali hayo mawili kutoulizwa.

Kutoka hapo unaweza kukadiria rangi. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, kwenye ukuta laini uliokwisha kupakwa zamani. Kwenye lipu mpya au ukuta wenye kukwaruza, lita hiyohiyo inaweza kuishia mita 6 au 8 kwa sababu ukuta unainywa. Chumba chetu cha mita 37 kwa mikono miwili ni mita 74, yaani kama lita saba na nusu. Ukiwa na hesabu hiyo utajua la kusema mtu akikuagiza ndoo mbili za lita 20 kwa chumba kimoja. Utajua pia la kusema akikuambia lita 4 zinatosha, na hilo mimi ndilo ningeliogopa zaidi, maana lita 4 kwenye kuta zile ni ama mkono mmoja ama maji mengi ndani ya ndoo. Kiasi cha maji ya kuongeza kimeandikwa kwenye kopo lenyewe. Kwa rangi nyingi za maji ni kidogo, mara nyingi asilimia 5 hadi 10.

Lakini rangi mara nyingi si sehemu kubwa ya gharama. Pesa nyingi huliwa na maandalizi, na maandalizi yanategemea ukuta wako ukoje. Hili ndilo la kuchunguza kwa utulivu kabla fundi hajabisha hodi.

Pitisha kiganja ukutani. Kikirudi na unga, rangi iliyopo imechoka, au ilikuwa chokaa tangu mwanzo. Rangi mpya ikipakwa juu yake itashika unga, haitashika ukuta, na siku si nyingi itaanza kubanduka. Ukuta wa namna hiyo unahitaji kuoshwa, kukwanguliwa na kupakwa praima ya kushikamanisha. Palipo imara, chukua wembe uchore alama ya msalaba, bandika juu yake tepu yenye gundi kali, ikandamize, kisha uivute ghafla. Tepu ikija na vipande vya rangi, kukwangua hakukwepeki, na fundi asiyetaja kukwangua kwenye bei yake ama hakuuona ukuta ama ana mpango wa kukudai baadaye.

Jua pia kama rangi iliyopo ni ya maji au ya mafuta. Lowesha pamba kwa spiriti, sugua sehemu ndogo nyuma ya mlango. Rangi ya maji itaachia na kupaka pamba; ya mafuta haitatikisika. Hili lina uzito, kwa sababu rangi ya maji ikipakwa juu ya ile ya mafuta inayong'aa, bila kupiga msasa kuondoa ule mng'ao na bila praima ya kushika, utaweza kuibandua kwa kucha. Kazi hiyo ya ziada ina bei, na ni afadhali uijue mapema.

Kisha unyevu. Mabaka ya njano, rangi kuvimba, au chumvi nyeupe karibu na sakafu ni dalili. Kata kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa tepu pande zote nne pasiingie hewa, ukiache siku moja au mbili. Matone yakijikusanya upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta: huenda bomba linavuja, au paa, au maji yanapanda kutoka ardhini. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa ya chumba, na dawa yake ni kupitisha hewa. Ile hali ya kwanza si kazi ya fundi rangi hata kidogo. Anayekuahidi kwamba ataifunika kwa mikono mitatu anakuuzia kitu cha miezi michache. Tengeneza chanzo, acha ukuta ukauke, ndipo uzungumzie rangi.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la tochi. Subiri giza liingie, zima taa, kisha laza tochi ubavuni mwa ukuta ili mwanga uambae juu yake badala ya kuumulika usoni. Mabonde, vinundu, mistari ya mwiko na viraka vya zamani vyote vitajitokeza na vivuli vyake, hata kwenye ukuta ambao mchana ulionekana umenyooka. Hapo unakabiliwa na uamuzi mkubwa kuliko wote kifedha: utaziba mashimo na nyufa tu, au utapiga skimu ukuta mzima? Skimu maana yake ni puti, ule ujiuji laini wa kusawazishia ukuta, juu ya kila sehemu, mara nyingi mikono miwili, kusubiri ikauke, msasa, vumbi nyumba nzima, kisha praima. Si ajabu gharama yake ikapita ya kupaka rangi yenyewe.

Kuna njia ya kati ambayo mafundi wengi hawaitaji. Rangi yenye mng'ao huonyesha kila bonde. Rangi isiyong'aa, ile ya mati, huyaficha. Mwenye kuta za wastani na mfuko wa wastani anaweza kuziba panapohitajika, apake mati, na apunguze kiasi kikubwa cha pesa. Hasara yake ni kwamba mati nyingi hazivumilii kusuguliwa, kwa hiyo korido, jikoni na chumba cha watoto vinadai kitu chenye mng'ao kiasi, kama silki. Basi skimu ifanyike huko tu, vyumba vingine viachwe.

Nyumba mpya ina jaribu lake, nalo ni haraka. Lipu ya saruji ina alkali kali na maji mengi ndani yake. Kanuni iliyozoeleka ni kuiacha kama wiki nne, zaidi kama hewa ni ya unyevunyevu. Ukiipaka rangi ya mafuta ingali mbichi, alkali huyageuza mafuta yale kuwa sabuni, na rangi hulainika na kuachia. Hata rangi ya maji hutoa mabaka na chumvi. Kama lazima uhamie upesi, ni heri kupaka praima inayohimili alkali na mkono mmoja wa rangi nafuu inayopumua, ukaacha umaliziaji wa baadaye, kuliko kulipia kazi nzima mara mbili.

Nyumba ya zamani nayo ina hatari ambayo haionekani kwa macho. Rangi nyingi za zamani, hasa za mafuta, zilitiwa madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978, na kikomo kinachopendekezwa sasa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ni sehemu 90 za risasi kwa milioni moja, lakini si kila nchi ina sheria ya namna hiyo. Vumbi lake huathiri ubongo wa mtoto, na kwa mjamzito ni hatari vilevile. Kama unashuku, pima kabla ya kuruhusu msasa mkavu. Ikithibitika, kazi inabidi ifanywe kwa kulowesha, chumba kikiwa kimezibwa na wakazi wamehama, na bei itapanda. Kwenye jambo hili nisingetafuta punguzo.

Tukija kwenye rangi uliyoichagua, wengi hawajui kwamba rangi yenyewe inaweza kuongeza siku za kazi. Uwezo wa rangi kufunika ukuta hutegemea sana titaniamu dioksidi, unga mweupe ambao haupitishi mwanga. Nyekundu kali, njano kali na machungwa huchanganywa kwenye rangi ya msingi yenye unga huo kidogo sana, la sivyo zingepauka. Matokeo yake hufunika vibaya: mikono mitatu au minne si jambo la ajabu, na ukianza na andakoti (mkono wa chini) ya kijivu chini ya nyekundu unaweza kuokoa mkono mmoja. Kutoka rangi nzito kwenda nyeupe nako kunadai mkono wa ziada. Kila mkono ni lita zake na ufundi wake, hivyo mwambie fundi rangi unazozitaka kabla hajakupa bei. Na ukiona utabana matumizi, usibane kwenye ubora wa rangi; fundi hutumia muda uleule kupaka rangi hafifu na kupaka rangi nzuri, na muda ndio unaoulipia.

Milango, fremu, sketi (zile mbao za chini ya ukuta) na grili huonekana vidogo lakini huchukua saa nyingi, kwa hiyo uliza kama vimo. Kuta za juu ya ngazi zikihitaji jukwaa, uliza jukwaa ni la nani.

Namna ya kulipana nayo hubadili tabia ya kazi. Malipo ya kutwa hayana haraka. Malipo ya jumla yana haraka sana, na kinachorukwa kwanza ni msasa kati ya mkono na mkono. Ukimwachia fundi anunue kila kitu, unapumzika, ila huwezi kujua kilichoingia kwenye ndoo usipokuwepo. Ukinunua mwenyewe, ukikosea kiasi ni juu yako. Mimi naona kwa kazi ya nyumba nzima ni bora ufundi uwe wa jumla, rangi ununue mwenyewe, na makopo yafunguliwe mbele yako. Makopo ya rangi moja yatoke toleo moja la kiwandani, au yachanganywe kwenye chombo kimoja kabla ya kuanza, kwani matoleo mawili yanaweza kutofautiana kidogo na tofauti ikaonekana katikati ya ukuta.

Kuna kazi za kumpunguzia fundi ambazo hazihitaji ujuzi: kuhamisha fanicha, kushusha mapazia, kung'oa misumari, kufungua vifuniko vya swichi umeme ukiwa umezimwa, kuosha mafuta ya jikoni. Muulize atapunguza kiasi gani ukifanya hayo. Skimu usiiguse kama hujawahi.

Kuhusu muda, mkono wa pili wa rangi ya maji kwa kawaida hungoja saa 2 hadi 4, wa rangi ya mafuta hungoja hata siku nzima, na hewa yenye unyevu huchelewesha vyote. Anayeahidi kuziba, kupaka praima na kumaliza nyumba nzima kwa siku moja kuna hatua ataipunguza. Kila siku ya ziada ambayo nyumba haikaliki ni gharama pia, iingize kwenye hesabu yako.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Karatasi moja inatosha: vyumba gani, dari ndani au nje ya bei, maandalizi gani hasa, praima ipi, mikono mingapi, rangi gani na kutoka kiwanda kipi, nani ananunua brashi, msasa na turubai za kufunika sakafu, nani anasafisha, na kasoro zikionekana baadaye atarudi bila malipo kwa muda gani. Mpe karatasi hiyohiyo kila fundi ajaze bei yake. Sasa ndipo bei zao zinaweza kulinganishwa na unaweza kuchagua.

Malipo yaende kwa awamu: kianzio kidogo, sehemu baada ya maandalizi kukaguliwa na kabla rangi haijafunika chochote, sehemu baada ya mkono wa mwisho, na kama asilimia 10 ibaki mpaka mmepita pamoja mchana, chumba kwa chumba, mkiweka vipande vya tepu penye kasoro. Bakiza pia kopo lililofungwa vizuri la kila rangi, uandike juu yake namba ya mchanganyiko na jina la chumba. Na kuta zisioshwe kwa wiki mbili hadi nne, maana rangi iliyokauka kwa kuguswa bado haijakomaa.