Kufundisha Kiingereza kwa riwaya ya ugonjwa nyumbani

Riwaya kama Passed Like a Shadow ya B.M. Mapalala, inayohusu familia iliyokumbwa na UKIMWI, ina ugumu usio wa msamiati. Katika darasa la Moshi lenye wanafunzi 50, huenda wapo wenye mgonjwa ndani, au aliyelazwa hospitali ya KCMC. Siku moja kabla, sema wazi mtasoma nini, na andaa kazi mbadala (kuchora mti wa familia ya wahusika, kwa mfano) ili anayeihitaji aichukue bila kueleza sababu.

Kipindi pacha cha dakika 80 kinatosha kurasa 3 au 4, si sura nzima. Anza na dakika 10 za maneno. Hapa makosa huota: “naumwa” na “naumwa kichwa” kwetu ni kitenzi kimoja, Kiingereza hutenganisha, basi mwanafunzi huandika “I am paining my head” badala ya “I have a headache”. Kisha dakika 25 za kusoma kimya, 30 za vikundi vya watu 5, zilizobaki za kuandika aya moja.

Maswali yamlenge mhusika: kwa nini anaficha ugonjwa? Usiulize “kwenu imewahi kutokea?” Hilo hufunga midomo, na atakayejibu atafuatwa na minong'ono hadi bwenini. Insha binafsi zisisomwe kwa sauti hata zikiwa nzuri. Mwanafunzi akilia, atoke na rafiki yake. Mwalimu wa ushauri nasaha aambiwe siku hiyohiyo.