Muziki Mezani kwa Mwandishi wa Hadithi: Uchague Upi, Uuzime Lini

Mwandishi wa hadithi anayeishi Mombasa hana uwezo wa kuamua kama atasikia muziki au hatasikia. Alilo na uwezo nalo ni kuchagua muziki upi na kwa kazi ipi. Matatu za Kisauni hupita zikitetemesha madirisha, harusi ya mtaa wa pili huanza chakacha baada ya sala ya Isha, na jirani wa chini hupika huku redio ikiwa wazi tangu asubuhi. Mwongozo huu unahusu hasa muziki ambao mwandishi anauwasha mwenyewe ili umsaidie, na shauri lake kubwa ni kwamba muziki huo uchaguliwe kwa kufuata kazi iliyo mezani, wala si kwa kufuata hali ya moyo wa mwandishi siku hiyo.

Kazi yenyewe si moja. Kuna kuwaza mandhari na wahusika, kuna kuandika rasimu ya kwanza, kuna kuandika mazungumzo, na kuna kusahihisha. Unapowaza, sikiliza chochote, chenye maneno au kisicho na maneno, kwa kuwa hapo hapana sentensi ya kuharibika. Hatua hii ndiyo pia ya utafiti. Anayeandika kisa cha Mji wa Kale katika miaka ya 1950 ana haki ya kukaa jioni nzima na rekodi za zamani ili ajue wahusika wake walisikia nini, na akumbuke kwamba kanda ya kaseti ilianza kuuzwa ulimwenguni mwaka 1963 tu, kwa hiyo bibi harusi wa mwaka 1958 hawezi kupewa kaseti ya taarabu kuwa zawadi.

Unapofika kwenye rasimu, ondoa maneno. Majaribio ya wanasaikolojia yaliyochapishwa katika miaka ya 1980 yalionyesha kwamba sauti ya mtu anayesema au kuimba huvuruga uwezo wa kushika mfuatano wa vitu akilini kuliko ala tupu zinavyouvuruga, hata pale lugha inayosikika haieleweki kwa msikilizaji. Sentensi ndefu ni mfuatano wa namna hiyo hiyo: mwanzo wake sharti ushikwe mpaka mwisho wake upatikane. Kwa hiyo yule anayejitetea kwamba nyimbo za filamu za Kihindi hazimsumbui kwa kuwa Kihindi hakijui, hajaepuka lolote. Kwa mtu wa Mombasa kuna na tatizo la ziada, maana Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu aliyefariki mwaka 2014, alijulikana sana kwa kutia mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya Kihindi, na wengi wetu tukisikia mahadhi yale hata kwa kinanda kitupu, maneno ya Kiswahili huja yenyewe. Kipimo cha kuchagua, basi, si kama wimbo una mwimbaji au hauna tu, bali pia ni kama wewe unajua maneno yake. Ukijikuta unaumalizia mshororo, wimbo huo si wa saa ya kuandika.

Hatari ya pili ni ya ndani zaidi, na ni yetu hasa. Nyimbo nyingi za taarabu ni mashairi kabla ya kuwa nyimbo, na umbo la shairi linalojulikana zaidi ni mshororo wa mizani 16 uliogawanywa nane kwa nane, wenye vina vya kati na vya mwisho. Mwandishi aliyelelewa ndani ya sauti hiyo, akiisikiliza huku anaandika, mkono wake huanza kuhesabu bila idhini yake. Itazame sentensi hii: «Alifungua dirisha, akatazama bahari, akakumbuka maisha na safari ya hatari.» Kila kipande kina mizani nane, vina ni -sha na -ri, na ubeti umekwisha kuzaliwa mahali ambapo hakuna aliyeuomba. Msomaji wa riwaya akikutana na sentensi tatu za namna hiyo huacha kumtazama mhusika, akaanza kusubiri kina. Lililo baya zaidi ni kwamba neno «hatari» limeletwa na kina, si na kisa. Huenda safari ile ilikuwa ya kwenda Malindi kuona shangazi na kurudi salama. Dawa yake ni kusoma ukurasa kwa sauti, muziki ukiwa umezimwa, huku ukigonga meza kwa kidole katika kila silabi. Kidole kikipata mapigo ya nane kwa nane, vunja sentensi: «Alifungua dirisha. Bahari ilikuwa imejaa maji, na safari ya mwaka ule ikamrudia.» (Mwandishi anayekusudia mizani, kwa mfano anapompa msimulizi wake sauti ya malenga, yeye awashe taarabu kwa makusudi, kinachokatazwa ni kuingizwa usipojua.)

Muziki wa ala tupu tunao wa kutosha bila kwenda mbali. Bashrafu, ambazo vikundi vya Zanzibar kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, hupiga kufungulia maonyesho, ni ndefu, zina mwendo wa utulivu, na hazina neno hata moja la kukuteka. Taksimu, yaani upigaji huru wa ala ya udi peke yake, zinafaa kwa sehemu zinazohitaji kuandikwa polepole, kwa kuwa mpigaji huchezesha nyuzi bila ngoma ya kumharakisha. Anayetaka kuanzia nyumbani aanze na upigaji wa udi wa Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefanya kazi yake Mombasa na kufariki mwaka 2016, lakini achague zile dakika za mwanzo kabla hajaanza kuimba. Chakacha ya ngoma tupu naiona inafaa kwa mbio na ugomvi, ila isizidi urefu wa tukio lenyewe, maana ikiendelea mpaka kwenye maziko, maziko yatachezwa. Mozart pia anafaa, mradi usimwashe kwa kutarajia akili kuongezeka: jaribio la mwaka 1993 lililozusha imani hiyo lilipima wanafunzi 36 katika maswali ya maumbo, na faida yake ilidumu takriban robo saa.

Mazungumzo yaandikwe kimya. Mhusika wa Kuze, mtaa wa Mji wa Kale, anayesema «yuwaja» (yaani «anakuja», kwa Kimvita) hapaswi kugeuka ukurasa wa tano akawa anasema «anakuja, mshikaji» kwa sababu tu bongo fleva ilikuwa inapigwa pembeni. Kusahihisha nako ni kimya, na sababu nimekwisha kuitaja.

Kuhusu muda, mji wenyewe una saa yake. Baina ya Adhuhuri na Alasiri kuna zaidi ya saa tatu, na kwa kuwa Mombasa iko nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, nyakati hizo hazisogei hata saa moja kwa mwaka mzima. Desturi ya wengi ni kuzima muziki adhana inapolia, na desturi hiyo humfaa hata mwandishi asiyekwenda kuswali, kwa kuwa humpa mwisho wa kikao asiouchagua yeye. Pakua nyimbo mapema kabla ya kikao na uzime intaneti ya simu, kwani tangazo la biashara likiingia katikati ya tukio la msiba hufuta kazi ya nusu saa.

Sauti iwe ya chini. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na wakati wa kaskazi, feni ikiwa inazunguka kwa kasi yake yote, mtu huongeza sauti bila kutambua ili ishinde mvumo wake. Vipokea sauti vinavyoziba tundu la sikio hupunguza haja hiyo. Vile vikubwa vinavyofunika sikio lote husaidia pia, lakini mwezi wa Februari hulowa jasho kabla ukurasa wa kwanza haujaisha.

Ngoma ya harusi ya jirani ikizidi nguvu ya vifaa vyako, usishindane nayo kwa kupandisha sauti. Badilisha kazi: funga rasimu, shika daftari, urudi katika hatua ya kuwaza, uandike ni ala gani zinazosikika, nani anapiga vigelegele na nani amechoka kukaa. Rasimu iandikwe kesho yake alfajiri, kabla matatu ya kwanza haijafungulia spika zake.