Somo: Kupata Kozi Tangulizi za Bei Nafuu Mtandaoni Kabla ya Kuomba Shahada ya Uzamili

Mwalimu wa Kisumu anayetaka kuingia katika takwimu, au mhasibu wa Nakuru anayetamani afya ya umma, mara nyingi huanza kwa kutafuta kozi tangulizi, yaani kozi ambayo idara hudai uwe umeisoma kabla ya kukupokea, na kuilipia, kisha ndipo anapouliza kama itakubaliwa. Naomba sana tugeuze mpangilio huo, kwa sababu kozi ya bei ndogo ambayo idara haiitambui ni hasara tupu.

Hatua ya kwanza ni kuchagua programu mbili au tatu na kumwandikia barua pepe mratibu wa kila moja katika idara husika, si ofisi ya udahili peke yake. Mwulize ni kozi zipi hasa zinazohitajika, alama ya chini ni ipi, kama kozi za mtandaoni zinakubaliwa, kama maabara lazima iwe ya ana kwa ana, na kama kozi zilizosomwa miaka mingi iliyopita bado zinahesabiwa. Majibu yawe ya maandishi, nawe uyahifadhi.

Hatua ya pili, fungua transkripti yako ya shahada ya kwanza, yaani hati ya chuo inayoorodhesha kozi na alama zako. Aliyesomea ualimu wa hisabati huenda tayari ana kalkulasi, na karibu kila mwalimu amepitia saikolojia ya elimu. Omba chuo chako cha zamani muhtasari wa kozi hizo na uuambatanishe. Pengine utabakiwa na kozi moja tu ya kulipia.

Hatua ya tatu ndiyo inayowachanganya wengi. Kujifunza somo ni jambo moja, na kupata alama zinazotambuliwa ni jambo jingine. Khan Academy, vitabu vya OpenStax vinavyotolewa na Rice University, na masomo ya MIT OpenCourseWare ni vya bure na ni vizuri kweli, lakini havikupi transkripti. Coursera na edX, tovuti za kozi za mtandaoni, hutoa cheti cha kumaliza, na mwenye kipato kidogo anaweza kuomba msaada wa ada, ila cheti hicho kwa kawaida si krediti za chuo kikuu, yaani vipimo vya masomo vinavyohesabiwa kuelekea shahada. Ushauri wangu ni kwamba ulisome somo lote bure kwanza, ndipo ulipie kozi yenye transkripti ukiwa tayari unalimudu, kwa maana kuirudia kozi uliyoanguka ni kulipa karo mara mbili.

Hatua ya nne, tafuta karibu kabla ya kwenda mbali. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati mwaka 2023, hufundisha kwa njia ya mtandao, na Chuo Kikuu cha Maseno pia kina masomo ya mtandaoni. Uliza kama wanamruhusu mtu kusajili kozi moja bila kujiunga na shahada nzima. Ukitazama vyuo vya jamii vya Marekani (community colleges), kumbuka kwamba ile karo ndogo inayosifiwa huwa ni ya wakazi wa eneo la chuo. Mtu wa nje hutozwa zaidi. Ongeza pia gharama ya kitabu, mtihani unaosimamiwa, kubadilisha fedha na kutuma transkripti, ndipo ulinganishe.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, nimemaliza kozi ya takwimu ya saa 12 na nikapata cheti. Je, itatosha kwa uzamili?

Dada, yaelekea haitatosha kama krediti, kwa kuwa kozi ya krediti 3 kwa kawaida huhesabiwa kuwa na takribani saa 45 za mihadhara. Hata hivyo, itaje katika barua yako ya maombi, kwani inaonyesha nia, na baadhi ya idara huhitaji tu uthibitisho kwamba unalifahamu somo.

Nafundisha Bungoma mchana kutwa na bando linaniishia. Nifanyeje?

Ndugu yangu, pakua kitabu kizima cha OpenStax mara moja, ukisome bila intaneti. MIT OpenCourseWare nayo huruhusu kupakua masomo. Siku za mapumziko, maktaba ya taifa iliyoko Kakamega au Kisumu ni mahali patulivu pa kusomea.

Chuo cha Marekani kinadai biolojia yenye maabara. Nimeona kozi ambayo vifaa vyake hutumwa nyumbani. Niilipie?

Usilipe bado, mama. Waulize kwanza wauzaji kama wanasafirisha vifaa hadi Kenya na kwa gharama gani, kisha ukiulize chuo kama maabara ya nyumbani inakubalika. Linganisha na kusoma kozi hiyo ana kwa ana katika vyuo vikuu vya Masinde Muliro au Egerton, iwapo watakusajili kwa kozi moja. Ukipitia njia hiyo, uliza kama transkripti ya Kenya itahitaji kutathminiwa kozi kwa kozi na shirika linalolinganisha vyeti vya nje na vya Marekani, kama WES (World Education Services), kwa kuwa huduma hiyo ina ada yake nayo huchukua muda, hivyo ianze mapema kabla ya tarehe ya mwisho ya maombi.