Mbwa mgeni asalimiane na wako nje ya geti
Huwa nakaa na mbwa za watu hapa kwangu Lanet wenyewe wakisafiri, na hii nimeijua juzi tu. Mgeni akifika usimwingize moja kwa moja, toa wako nje na kamba mtembee wote barabarani kama dakika 10 hivi, mmoja huku mwingine kule, mkiona wametulia waacheni wanusane matako (ndio salamu zao) halafu muingie pamoja. Ndani ya boma mbwa wako anajiona soja, lakini huko barabarani hakuna mwenye ploti. Sufuria za chakula ficha kwanza. Na usikaze kamba, ukiivuta ndio wanaanza kunguruma. Kukiwa na jike ako kwenye joto hata usijaribu.